Masega ya gari yanapokufa: Kwanza plagi, fedha nyingi baadaye

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MMILIKI wa gari dogo lililotumika Japani kwa miaka kumi au zaidi kabla ya kuletwa nchini hupata habari kwanza kupitia taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi. Mara nyingi taa hiyo hupuuzwa. Baada ya muda gari hupungukiwa nguvu, kilima kilichokuwa kikipandwa bila taabu hupandwa kwa kuhema, mafuta huisha kabla ya siku zake, na hatimaye fundi wa chini ya mwembe hutoa hukumu: masega yamekufa, yatolewe.

Kwa familia ambayo gari hilo ndilo linalopeleka watoto shuleni asubuhi na mzigo wa duka jioni, hukumu hiyo huonekana kuwa na njia mbili tu. Moja ni kununua kifaa kipya halisi, ambacho kwa baadhi ya magari bei yake huumiza kuliko bei ya matairi yote manne. Nyingine ni kuyang'oa masega na kuunga bomba tupu mahali pake. Katikati ya njia hizo zipo nyingine za gharama ndogo, na nyingi huanzia mbali na masega yenyewe.

Kazi ya masega

Kifaa ambacho mafundi wa Tanzania hukiita masega ni kopo la chuma lililofungwa kwenye bomba la moshi, kati ya injini na sailensa. Ndani yake mna kigae chenye matundu madogo mithili ya sega la nyuki, na ndiko lilikotoka jina. Kuta za matundu hayo zimepakwa utando mwembamba wa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa moto unapopita, madini hayo huigeuza kaboni monoksidi na mabaki ya petroli isiyoungua kuwa hewa ya ukaa na mvuke wa maji, huku gesi za oksidi za naitrojeni zikirudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida.

Mhandisi Mfaransa Eugène Houdry alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kifaa hicho katika miaka ya 1950, lakini kilienea kwenye magari ya Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1975. Kikwazo kikubwa kilikuwa petroli yenye risasi, kwani risasi huyafunika madini na kuyaua kabisa. Katika Afrika Kusini mwa Sahara petroli ya aina hiyo iliondolewa sokoni hadi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006.

Masega hayafi yenyewe

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Masega yaliyotunzwa yanaweza kudumu karibu umri wote wa gari. Yakifa mapema, kwa kawaida kuna kitu kilichoyaua, na kitu hicho kisipoondolewa kitayaua na mapya.

Muuaji mkubwa ni injini inayomisi. Plagi iliyochoka au koili mbovu huacha petroli ipite bila kuungua, nayo huenda kuungulia ndani ya masega. Joto ambalo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 400 na 800 za Selsiasi hupanda mno, hadi kigae huyeyuka na kuziba njia. Kwa sababu hiyo taa ya injini inayowaka na kuzima mfululizo haipaswi kuchukuliwa sawa na ile inayowaka tu. Inayopepesa ina maana kwamba masega yanaharibiwa wakati huo huo, na dereva anashauriwa kupunguza mwendo na kuegesha.

Muuaji wa pili ni injini inayokula oili. Fosforasi na zinki zilizomo ndani ya oili huacha tabaka juu ya madini. Kadhalika gasketi ya silinda hedi inayovujisha maji ya rejeta ndani ya silinda hufanya madhara ya namna hiyo. Mwenye gari linalohitaji kuongezwa oili kila wiki hana sababu ya kununua masega kabla ya kushughulikia ringi au sili za valvu. Aidha, matuta na mashimo ya barabarani huweza kuligonga kopo kwa chini na kukivunja kigae.

Kupima kabla ya kununua

Kompyuta ya gari huyachunguza masega kwa kulinganisha sensa mbili za oksijeni, moja mbele na nyingine nyuma yake. Masega yakiwa mazima, sensa ya nyuma hutulia. Ikianza kupanda na kushuka pamoja na ya mbele, kompyuta huandika hitilafu yenye namba P0420, au P0430 kwa upande wa pili wa injini za V. Mafundi wengi wakiiona namba hiyo huagiza masega papo hapo, na hilo ni kosa. Bomba lenye tundu karibu na sensa, au sensa iliyochoka, vinaweza kuleta namba ile ile. Kuziba tundu kwa kuchomelea ni kazi ya nusu saa.

Ikiwa namba ya P0420 imeandamana na P0300 au nyingine za familia hiyo, zinazohusu kumisi, kumisi ndiko kunakotangulia kutibiwa. Vifaa vidogo vya kusoma hitilafu kupitia simu vinauzwa kwa bei ambayo watu wawili au watatu wanaweza kuchangia, ingawa baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayasomeki vizuri kwa vifaa hivyo.

Kipimo kisicho na gharama ni cha mkono. Gari likiwa limepoa, kopo hugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira. Likisikika kama kokoto ndani ya debe, kigae kimevunjika. Kwa kuziba, fundi huondoa sensa ya mbele na kufunga geji ya presha mahali pake. Injini ikiwa sailensa presha haipaswi kuzidi takriban paundi moja na nusu kwa inchi ya mraba, na kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika isizidi paundi 3. Asiye na geji anaweza kulegeza boliti za bomba mbele ya masega na kupandisha mizunguko kwa muda mfupi mahali pa wazi. Injini ikivuta pumzi upya, kizuizi kiko nyuma ya hapo.

Matokeo ya vipimo hivyo ndiyo yanayoamua kama kuna haraka. Masega yaliyochoka tu, yasiyoziba wala kuvunjika, hayasimamishi gari. Mwenye nalo anaweza kuendelea kulitumia huku akibadili plagi na kuweka akiba, ilimradi akumbuke kwamba moshi wake ni mchafu zaidi. Yaliyoziba hayasubiri. Moshi unaorudi nyuma huongeza joto kwenye valvu, gari huweza kuzimika njiani, na kopo likifikia wekundu huweza hata kuwasha nyasi kavu chini ya gari lililoegeshwa.

Chupa za dawa za kumimina kwenye tangi zina msaada mdogo. Pale ambapo tatizo ni masizi ya foleni za kila siku, dawa pamoja na safari ndefu ya mwendo wa wastani vinaweza kuyachoma. Hazirudishi kigae kilichoyeyuka wala madini yaliyofunikwa na oili. Ushauri wa vijiweni wa kumimina thina ndani ya petroli ni wa kuepukwa, kwani thina huweza kuharibu mipira na sili za mfumo wa mafuta.

Kipya, cha mtumba au bomba tupu

Ikithibitika kwamba masega yamekwisha, chaguo la kati ni kopo la matumizi ya jumla, lisilo la kampuni iliyotengeneza gari, linalochomelewa kwenye bomba la zamani. Lilingane na ukubwa wa injini, mshale uliochorwa juu yake uelekee sailensa, na betri ichomolewe kabla ya kuchomelea ili kompyuta isiungue. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, huwa ni kwa sababu madini ndani yake ni machache, na taa huweza kurejea baada ya miezi michache. La mtumba kutoka gari lililokatwa linafaa endapo mnunuzi atamulika ndani kwa tochi na kuona matundu yote yakiwa wazi na mazima.

Kuhusu kung'oa, wenye magari husikia faida tu. Kizuizi huondoka na nguvu hurudi, ni kweli. Lakini taa huendelea kuwaka, hivyo hitilafu mpya ikitokea dereva hataiona. Kaboni monoksidi haina harufu, na bomba lililoungwa vibaya huweza kuiingiza ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za ubora wa hewa za mwaka 2007 zimeweka mipaka ya moshi wa magari. Fundi anayekibomoa kigae kwa nondo bila kufunika pua naye hujivutia vumbi baya kwa mapafu.

Jambo jingine ambalo halitajwi gereji ni thamani ya kile kinachotolewa. Mwezi Machi 2021 bei ya rodiamu katika soko la dunia ilikaribia dola 29,000 za Marekani kwa wakia, na Machi 2022 paladiamu ilivuka dola 3,000. Bei hizo zimeshuka sana tangu wakati huo, lakini masega mabovu bado yana wanunuzi, kwa kuwa madini hubaki hata kigae kikivunjika. Fundi anayejitolea kuyang'oa bila malipo, kwa sharti la kubaki na "chuma chakavu", huenda analipwa zaidi ya ujira wake. Mwenye gari anayedai kopo lake la zamani na kuulizia bei kwa wanunuzi wawili au watatu anaweza kupunguza sehemu ya gharama ya jipya.