Tundu Moyoni, Dar es Salaam Mbali

Mwaka 1879 daktari Henri Roger wa Paris alieleza habari za watoto wa ajabu: ukitega sikio kifuani unasikia mvumo mkali, lakini wenyewe wanakula na kucheza kama wenzao. Walizaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo. Tundu dogo lina kelele nyingi na madhara machache, na mengi huziba yenyewe. Balaa ni lile kubwa. Chumba cha kushoto kina nguvu kuliko cha kulia, hivyo kila pigo hurudisha mapafuni damu iliyokwisha kupita huko.

Kulijua tundu si kuliziba. Ilipita miaka 75. Machi 26, 1954, huko Minnesota, Marekani, daktari Walton Lillehei alimpasua mtoto wa mwaka mmoja akiwa ameunganishwa kwa mirija na baba yake, ili moyo na mapafu ya baba vifanye kazi ya wawili. Tundu likazibwa. Mtoto alifariki siku 11 baadaye kwa nimonia, lakini njia ilikuwa imepatikana.

Wakati huo Tanganyika ilibakiza miaka saba ipate uhuru, na kwa miongo mingi baadaye upasuaji huo ulibaki jambo la ng'ambo. Reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975, mtoto wa Mbeya aliweza kufika Dar es Salaam kwa treni. Tundu lake halikuwa na wa kuliziba hapo. Baadaye wapo waliopewa rufaa ya India, na wengine walipelekwa Holon, Israel, na shirika la Save a Child's Heart. Nafasi zilikuwa chache.

Mwaka 2008 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji wa kufungua moyo, na 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Safari ya pasipoti ikawa ya basi: kushuka kona za Kitonga, kukatiza Mikumi, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kama 500 kutoka Iringa.

Lakini nauli haina kazi kama hakuna aliyesikia mvumo. Siku za mwanzo shinikizo la mapafu bado liko juu, damu haikimbii tunduni, na mtoto huruhusiwa kutoka wodi ya wazazi ya Meta, Mbeya, akionekana mzima. Dalili hujitokeza kati ya wiki ya nne na ya nane, yaani karibu na chanjo ya wiki sita. Ananyonya kidogo, anaachia titi, anahema, paji la uso limelowa jasho. Uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Ni rahisi kuambiwa ni nimonia, tena mara nyingi ni nimonia kweli, kwani mapafu yaliyojaa damu huambukizwa upesi. Aliyemtibu akikumbuka kuweka kipimo kifuani, barua ya rufaa inaandikwa mapema.

Miaka ikipita, mishipa ya mapafu hukakamaa, damu hugeuza njia kutoka kulia kwenda kushoto, midomo huwa ya buluu, na hapo bingwa wa Dar es Salaam hathubutu tena kuliziba tundu.