Bwana Msa na Columbo, nani amwamkie mwenzake?



Jana jioni tulikaa barazani, kahawa mkononi, upepo wa bandarini unapuliza. Kijana mmoja akawa anammwagia sifa Columbo, yule mpelelezi wa televisheni wa koti la mvua lililokunjamana. Mzee wetu mmoja akamsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza taratibu: "Na Bwana Msa je, mjukuu wangu?"

Kimya! Wengi pale walimsoma skuli, lakini hakuna aliyewahi kufikiria kumweka mzani mmoja na mtu wa kwenye kioo.

Nikarudi nyumbani, nikapanga miaka. Columbo alionekana mara ya kwanza 1960, katika kipindi kimoja cha televisheni ya Marekani kiitwacho Enough Rope. Aliyemcheza alikuwa Bert Freed. Peter Falk alikuja baadaye, 1968. Sasa sikiliza: mwaka huohuo wa 1960 ndipo kilipotoka kitabu cha Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, na hadithi yenyewe ilikwishashinda shindano la East African Literature Bureau la 1957/58. Kwa hiyo Columbo ndiye atoe shikamoo!

Abdulla alizaliwa Makunduchi mwaka 1918. Alianzia kazi idara ya afya, kisha akaingia magazetini. 1948 alikuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia 1958 akahariri jarida la Mkulima mpaka alipostaafu 1968. Mwandishi wa habari huyo, mwenzetu.

Tuje kwenye kipindi kilichozusha ubishi: Murder by the Book, cha Septemba 1971. Mwongozaji alikuwa Steven Spielberg, hata miaka 25 hajafika. Waandishi wawili wanatunga pamoja riwaya za upelelezi. Mmoja ndiye anayeandika hasa, mwingine ana maneno matamu tu. Yule wa kweli anapotaka kujitenga, mwenzake anamuua.

Na sisi tunaona kila kitu tangu mwanzo! Kwa hiyo kinachokuweka kitini ni mgeni wa siku hiyo, Jack Cassidy, aliyecheza muuaji. Tabasamu lake, majivuno yake, jinsi anavyomdharau askari mchafumchafu... unangoja tu lini ataanguka. Cassidy alialikwa tena 1974 na 1976, kila mara muuaji. Columbo yuko vilevile siku zote, mgeni ndiye anayekibeba kipindi.

Bwana Msa amegeuza meza. Kwake muuaji amefichwa, na wewe unatembea na rafiki yake Najum, mnakosea pamoja. Maiti imekutwa kwenye mzimu, mahali watu wanapopaogopa tangu zama. Bwana Msa anawasha kiko chake na kuuliza: nani alikuwa wapi, nani anafaidika? Sitakutajia muuaji, kisome.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Kwa Columbo anayebanwa ni mgeni. Kwa Bwana Msa unabanwa wewe msomaji, kwa haraka yako ya kuamini. Mji wetu mdogo huu, uvumi unatangulia ushahidi. Mtu anakufa ghafla, na kabla hajazikwa baraza imeshamtaja aliyemroga. Jina la mtu likishatiwa doa hivyo, nani atalisafisha? Na sisi waandishi tukiunyanyua uvumi ule na kuuchapa, tumekuwa nini?

Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, miaka mitatu kabla Afrika Kusini haijawa na televisheni yoyote. Bara walisubiri mpaka 1994. Mwaka ule wa 1973 ndipo Abdulla alipotoa Duniani Kuna Watu. Chombo kilikuwepo, na mpelelezi alikuwepo, tena akiandikwa na mtu wa hapahapa. Mimi leo natamani kipindi kimoja tu: Mji Mkongwe usiku, kiko kinafuka, na kila wiki mwigizaji mgeni mwenye siri yake.

Nimemwambia mzee. Akacheka: "Basi mtafuteni Najum kwanza. Wa kukosea hawakosekani hapa barazani."