Swila wa Ashe na dripu isiyofika Garsen

Mafuriko ya 2024 yalipowafukuza watu wa Tana River, Kenya, mashambani, nyoka nao walikimbilia palepale pakavu. Likazuka tena swali la zamani: aliyeumwa na nyoka huko Garsen, katika Delta ya Tana, kwa nini dripu ya dawa ya sumu isimfuate nyumbani?

Kwa wenzetu Uingereza na Marekani, mgonjwa aliyezaliwa na upungufu wa kingamwili huwekewa dripu yake ya kingamwili sebuleni. Hilo halikuja ghafla. Mwaka 1952 Ogden Bruton alimtibu mtoto wa miaka 8 kwa kumdunga kingamwili chini ya ngozi. Dripu ya mshipani ikafuata dawa iliposafishwa zaidi. Hata leo dozi za kwanza hutolewa kliniki, matone huanza polepole, na adrenalini haikai mbali.

Dawa ya sumu ya nyoka nayo ni kingamwili, ila za farasi, na mwili wa binadamu huweza kuzikataa kwa ghadhabu: pumzi hubana, presha hushuka. Ndiyo maana haipelekwi kitandani kijijini.

Pwani yetu ina jina katika historia hii. James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu, alishikilia kwamba swila mkubwa wa kahawia wa nyanda zetu si yule swila mwenye shingo nyeusi anayejulikana siku zote. Wataalamu waliona ni tofauti ya rangi tu. Mwaka 2004 mmoja wa nyoka hao alikamuliwa, akatoa gramu 7.1 za sumu kwa mkupuo mmoja. Ashe hakuwahi kuona ushindi wake: mwaka 2007, yeye akiwa kaburini, wanasayansi Wüster na Broadley walimtangaza nyoka huyo kuwa spishi mpya na kumpa jina lake, Naja ashei.

Jina tumepata, dawa je? Kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa ya sumu ya nyoka wa Afrika, mwaka 2014, na shehena ya mwisho ikaisha muda wake 2016. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa.

Toka Garsen hadi hospitali ya Malindi ni kilomita 100 na ushei, na maji yakikata barabara huwa hakuna Malindi. Nyumbani pana kazi moja tu: mlaze mgonjwa, kiungo kitulizwe kwa gango, asichanjwe wala asifungwe kamba, kisha mtumbwi au bodaboda. Kwa hiyo friji yenye umeme, dawa yenyewe, adrenalini na muuguzi wa usiku viwekwe Garsen na Ngao kabla mvua hazijaanza.