Mizani ya Kahawa na Mashine ya Presha

Jamani, nimerudi. Wanaojua kabila langu hawana haja ya kuuliza nilikuwa wapi mwezi mzima wa Desemba. Mchagga hata akiwa na madeni, Krismasi lazima aende nyumbani akahesabiwe. Mimi nimehesabiwa Uru, nimekula mtori, nimekunywa mbege, na nimerudi Dar na kisa kilichonifanya nitumie wiki nzima kusoma historia ya kitu ambacho karibu sote tumewahi kufungwa mkononi bila kuuliza swali: mashine ya kupimia presha.

Kisa chenyewe ni cha bibi yangu. Ameshavuka miaka sabini na bado anakata majani ya ng'ombe mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja alikwenda kupimwa mahali ambapo sitapataja, mashine ikasoma 178 kwa 104. Baada ya wiki akarudi, ikasoma karibu vilevile. Akaongezewa dawa ya pili. Siku chache baadaye aliinuka asubuhi, kizunguzungu kikamshika, akaanguka kihambani katikati ya migomba. Aliteguka kifundo cha mkono, nyonga ikasalimika. Mnaokaa na wazee mnajua tofauti ya hayo mawili.

Nilipofika nyumbani nilikuwa na hasira na kila mtu. Jirani yetu, fundi mstaafu wa vifaa tiba, alikuja Boxing Day kunywa mbege na baba mdogo, nikamweleza. Nilitegemea aseme mashine ni mbovu. Badala yake akaniuliza: "Bwana mdogo, ukipeleka kahawa chama cha msingi, unatazama nini kwanza?"

Nikasema natazama mizani.

"Unatazama nini kwenye mizani?"

"Kama iko kwenye sifuri."

"Na gunia?"

"Lisiguse ukuta, na mtu asiliegemee."

Akacheka. "Sasa bibi yako alipopimwa, nani alitazama hayo?"

Ndugu zangu, swali hilo lilininyima usingizi. Sisi watu wa mlimani tuna historia ndefu na mizani. Wakulima walianzisha chama chao, KNPA, mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933, na tangu enzi hizo mkulima wa Uru hakubali kilo zake zisomwe na mtu asiyemwona. Lakini mkulima huyohuyo akifungwa mkanda wa presha, anasomewa namba mbili, anaitikia "asante daktari" na kwenda zake. Ndiyo maana nikaanza kusoma.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuipima presha ya damu moja kwa moja alikuwa mchungaji wa Kiingereza, Stephen Hales. Alichapisha kazi yake mwaka 1733. Alimfunga farasi jike, akaingiza mrija kwenye mshipa wake na kuuunganisha na bomba refu la kioo, damu ikapanda zaidi ya futi 8. Bila shaka hakuna mgonjwa ambaye angekubali kipimo hicho. Mwaka 1828 Mfaransa Poiseuille akatumia zebaki badala ya bomba refu. Zebaki ni nzito karibu mara 13.6 kuliko maji, kwa hiyo bomba fupi linatosha. Ndiyo sababu mpaka leo presha inasomwa kwa milimita za zebaki, hata kwenye mashine isiyo na tone moja la zebaki ndani.

Mwaka 1896, Turin nchini Italia, daktari Scipione Riva-Rocci alitengeneza kifaa ambacho babu zetu wangekitambua: mkanda wa mpira wa kufunga kwenye mkono wa juu, pampu, na bomba la zebaki. Ila mkanda wake ulikuwa mwembamba, kama sentimita 5 hivi, na ukazidisha namba. Mwaka 1901 Mjerumani von Recklinghausen alionyesha kosa hilo na kutumia mkanda mpana zaidi. Naomba mlikumbuke jambo hili la mkanda, nitalirudia.

Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff, huko St. Petersburg, alitoa taarifa fupi sana, haifiki hata ukurasa mmoja. Alisema: weka kifaa cha kusikilizia kwenye mshipa chini ya mkanda, punguza hewa polepole. Sauti ya mapigo ikianza, hiyo ni namba ya juu. Ikipotea, hiyo ni namba ya chini. Kwa miongo mingi baada ya hapo dunia nzima ilipima hivyo, kwa sikio la mtu na zebaki.

Huku kwetu vipimo vilikuja na madaktari wa kikoloni. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha kwenye jarida la The Lancet vipimo vya Waafrika 1,000 wa Kavirondo Kusini nchini Kenya. Aliona kwamba presha yao haikupanda na umri kama ya Wazungu. Huenda kwa wakati ule na mahali pale ilikuwa kweli. Shida ni kwamba wazo la "presha si ugonjwa wa Mwafrika" lilikaa vichwani kwa muda mrefu mno. Baadaye, mwaka 1990, watafiti walionyesha kuwa Wajaluo waliohama kijijini kwenda Nairobi presha zao zilipanda ndani ya miezi ya mwanzo tu ya maisha ya mjini.

Na kwetu Kilimanjaro? Mwaka 1996 na 1997 walipimwa watu wa Ilala, Dar es Salaam, na wa Shari, wilayani Hai, upande wa Machame. Ukitoka Uru unapita Kibosho tu, uko huko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000, na mimi niliyekua nikiambiwa presha ni ugonjwa wa mjini nilisoma mara mbili. Shari ilikuwa na wastani wa asilimia 32 kwa wanaume na 31.5 kwa wanawake. Ilala ilikuwa 30 na 28.6. Kijijini hapakuwa salama kuliko mjini! Kati ya waliokuwa na presha, chini ya mmoja kati ya watano alijua kwamba anayo, na ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufika hata asilimia moja. Utafiti mwingine wa wilaya hiyohiyo ya Hai, uliochapishwa mwaka 2013, uliwaangalia wazee wa miaka 70 na kuendelea: karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha. Kwa hiyo anayesema tuache kupimana kwa sababu mashine zinakosea, simwungi mkono. Kiharusi hakimsubiri mtu ajue kwamba anaumwa.

Sasa tuje kwenye mashine inayojiendesha yenyewe. Mfaransa Marey aliona tangu mwaka 1876 kwamba mapigo ya mshipa hutikisa presha inayoubana. Ilichukua karne moja wazo hilo kuwa kifaa cha hospitali: mwaka 1976 mashine iitwayo Dinamap, kazi ya Maynard Ramsey wa Florida, Marekani, iliingia wodini. Inafanya hivi. Mkanda unajaa hewa mpaka mshipa unabanwa, kisha hewa inapungua. Kila pigo la moyo linatikisa ile hewa, na mashine inahesabu mitikisiko. Inapokuwa mikubwa kuliko yote, hapo ni karibu na presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini mashine haizisikii kama alivyozisikia Korotkoff. Inazikokotoa kwa kanuni ya mtengenezaji, na kwa kawaida kanuni hiyo ni siri yake.

Ndiyo maana aina mpya ya mashine hujaribiwa kwanza kwa watu, angalau 85 kwa kiwango cha kimataifa cha sasa, ikilinganishwa na wasikilizaji wawili waliofunzwa. Na ndiyo maana ukiongea, ukitetemeka, au moyo wako ukiwa unapiga bila mpangilio, hesabu inaweza kuharibika.

Kuna jambo jingine. Miaka yote bomba la zebaki lilikuwa shahidi pale pale wodini: ukishuku mashine, unailinganisha nalo. Zebaki ni sumu, na mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje vipimo hivyo. Mkataba ni mzuri, siupingi. Ila shahidi akiondoka, lazima awepo mwingine.

Nirudi Uru. Mzee fundi aliomba ruhusa, na mkuu wa pale alikubali kwa furaha (nilikuwa nimejiandaa kugombana, nikaaibika). Akaiweka mashine kwenye hali ya ukaguzi ambayo watengenezaji huwaachia mafundi. Akaunganisha kwa mrija wenye njia tatu mashine, pampu ya mkono na kipimo chake cha kulinganishia. Wakati hakuna hewa, ilisoma 0. Kwenye 50 ilisoma 50, kwenye 100 ikasoma 101, kwenye 150 ikasoma 152, kwenye 200 ikasoma 202. Kinachokubalika ni kupishana kwa 3 tu. Akaifungia hewa dakika moja kuona kama inavuja, ilikuwa nzima. Nilimuuliza kama huku juu mlimani hewa nyepesi haiidanganyi. Akasema hapana, inapima tofauti na hewa iliyopo, mradi ukiiwasha mkanda uwe hauna hewa, kama mizani isivyo na gunia.

Mashine ilikuwa nzima, wadau. Halafu akaomba kuuona mkanda. Ulikuwa mmoja tu, wa kawaida, umeandikwa sentimita 22 mpaka 32. Akazungushia futi ya fundi cherehani kwenye mkono wa bibi: 35. Na bibi akakumbuka kwamba siku zote mbili ilikuwa baridi, mkanda ulifungwa juu ya sweta, alikuwa amepanda mlima kwa miguu, na nesi alikuwa anamuuliza habari za wajukuu wakati mashine inanguruma. Kosa la Riva-Rocci la mwaka 1896, mkanda mdogo kuzidisha namba, limepanda mpaka Uru!

Bibi alikaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda mkubwa kwenye ngozi. Alipimwa mara tatu. Ya mwisho ilikuwa 148 kwa 86. Kwa hiyo presha anayo, ila si ile aliyotibiwa. Daktari wa mjini ndiye aliyeiondoa ile dawa ya pili. Sikuiondoa mimi, na wewe usiiondoe ya bibi yako kwa sababu umesoma hapa.

Nesi simlaumu. Alipewa mashine, mkanda mmoja na foleni ndefu. Mwaka 2011 watafiti Perry na Malkin walikusanya taarifa za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 na kukuta kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Walitaja mafunzo, usimamizi na miundombinu. Mashine inayofanya kazi lakini imefungwa vibaya haimo hata kwenye hesabu hiyo, maana inawaka na namba inatoka.

Ombi langu ni dogo. Ukimpeleka mzee wako kupimwa, omba akae kwanza dakika tano. Muombe nesi, kwa heshima, avue sweta. Uliza kama kuna mkanda mkubwa. Uliza mashine ilikaguliwa lini. Na wewe unayetafuta zawadi ya kupeleka zahanati ya kijijini kwenu Desemba ijayo, usinunue mashine ya pili. Nunua mkanda mkubwa unaoendana na ile iliyopo, na betri.

Mzee fundi alirudi zake jioni ile na chupa ya mbege. Bibi amenipigia leo asubuhi kuuliza kama nimefika salama. Anasema kifundo kimepona, na tayari ameshakata majani.