Halmashauri za Wataalamu na Siri za Raia

Wahenga walisema kwamba penye wengi hapaharibiki jambo. Methali hii ni ya kweli, lakini ina sharti ambalo husahauliwa: wengi hao wawe na macho mbalimbali. Watu ishirini watazamao upande mmoja huona kile ambacho mmoja wao angaliona peke yake. Historia ya halmashauri zilizotoa mashauri nchini Marekani juu ya kompyuta na haki za raia ni ushahidi wa neno hili, nayo yafaa kusomwa na kila taifa linalohifadhi habari za watu wake katika mitambo.

Katika mwaka wa 1965 halmashauri iliyoundwa na Social Science Research Council, baraza la wanazuoni wa elimu ya jamii, ilitoa taarifa yake. Mwenyekiti alikuwa Richard Ruggles, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Yale. Halmashauri iliona hazina kubwa ya maarifa iliyotawanyika katika ofisi za serikali: kadi za matundu zipatazo milioni 100, na kanda za sumaku zipatazo 30,000. Mtafiti aliyetaka kujua, mathalan, uhusiano baina ya elimu na kipato, alipewa majumla ambayo yaliuficha uhusiano wenyewe. Shauri lake likawa kwamba kianzishwe kituo kimoja cha kuhifadhi na kuunganisha takwimu za serikali.

Shauri hili halikutoka katika nia mbaya. Serikali isiyoijua hali ya maskini haiwezi kuwaondolea umaskini. Lakini waliolitoa walikuwa ndio watumiaji wa takwimu, na mwamba ngoma huvutia kwake. Faida ilipimwa kwa uangalifu. Hatari haikupewa nafasi ya kutosha katika mizani. Ili takwimu ziunganishwe, hapana budi kumbukumbu za mtu mmoja ziweze kutambulikana kuwa ni zake; na kinachoweza kuunganishwa kwa ajili ya elimu chaweza kuunganishwa kwa ajili ya upelelezi.

Mwezi wa Julai 1966 kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi, chini ya Cornelius Gallagher wa New Jersey, iliwaita mashahidi. Mmoja wao, mhandisi Paul Baran, alionya kwamba mitambo iliyounganishwa yaweza kufanya kazi ya kituo kimoja hata kama kituo hicho hakikujengwa. Katika mwaka huo huo halmashauri nyingine, chini ya Carl Kaysen, ilijaribu kulitetea shauri la awali kwa kuliongezea ulinzi. Haikufaa kitu, kwani imani ya watu ilikuwa imekwisha kupotea. Kituo hakikujengwa. Elimu ilikosa ilichokitafuta, na raia naye hakupata ngao, maana kumbukumbu zake ziliendelea kukusanywa ofisi kwa ofisi.

Katika mwaka wa 1972 Elliot Richardson, waziri aliyesimamia afya, elimu na ustawi wa jamii, aliteua halmashauri ya namna nyingine. Mwenyekiti alikuwa Willis Ware, mtaalamu wa kompyuta wa shirika la RAND. Lakini pamoja naye walikaa wanasheria, wanatakwimu, wasimamizi wa hospitali na wabunge wa majimbo, na pia Joseph Weizenbaum, mjuzi wa kompyuta aliyekuwa na mashaka juu ya mitambo aliyoijua. Taarifa yao ya Julai 1973 ilitaja kanuni tano. Pasiwepo hifadhi ya habari za watu ambayo kuwapo kwake ni siri. Mtu aweze kujua yaliyoandikwa juu yake na jinsi yanavyotumiwa. Habari iliyotolewa kwa kusudi moja isitumiwe kwa jingine bila ya ridhaa yake. Aweze kusahihisha makosa. Na mwenye kuhifadhi habari ahakikishe kwamba ni za kutegemewa, na azikinge na matumizi mabaya.

Sheria ya kulinda siri za raia ilitiwa sahihi na Rais Gerald Ford tarehe 31 Desemba 1974, miezi michache baada ya Richard Nixon kujiuzulu. Walakini Bunge lilichukua nusu ya shauri. Halmashauri ilitaka kanuni zishike serikali na makampuni pia. Sheria ilishika idara za serikali kuu peke yake.

Nusu iliyoachwa ilidai haki yake baadaye. Katika mwaka wa 2018 wanazuoni Gary King na Nathaniel Persily waliunda Social Science One, ili watafiti wapate habari za Facebook na kuchunguza athari yake katika uchaguzi na demokrasia. Baraza lile lile la mwaka wa 1965 lilisimamia upimaji wa maombi ya fedha. Mwezi wa Desemba 2019 halmashauri ya washauri wake wa Ulaya ililalamika hadharani kwamba habari zilizoahidiwa zimechelewa. Kampuni ilitaja ulinzi wa siri za watu kuwa ni kizuizi. Habari zilitolewa mwaka wa 2020, na katika mwaka wa 2021 ikafahamika kwamba karibu nusu ya watumiaji wa Marekani hawakuwamo. Washauri walikuwa na elimu na heshima, lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwingine.

Kanuni za mwaka wa 1973 zina jamaa zake katika sheria za Kenya na Uganda za mwaka wa 2019, na ya Tanzania ya mwaka wa 2022. Basi nasi tutaunda halmashauri zetu. Kabla ya kuuliza wajumbe wana shahada gani, tuulize mambo matatu: ni nani miongoni mwao atakayeumia shauri likiwa baya, wana amri gani ya kufungua kilichofungwa, na nani atajibu mbele ya raia shauri lao likitupwa. Halmashauri isiyo na majibu hayo ni pambo la serikali, na pambo halimlindi mtu.