Utalii wa Siha Zanzibar: Singo, Mwani na Karafuu Katika Soko la Wageni

Zanzibar ilipokea watalii 736,755 mwaka 2024, ikilinganishwa na 638,498 mwaka 2023. Wengi huvutwa na fukwe na Mji Mkongwe, lakini limo pia kundi linalosafiri ili kupumzisha mwili na akili: kukandwa, kufanya yoga, kula vyakula vya asili na kulala kwa utulivu. Huo ndio utalii wa siha. Hauna budi kutofautishwa na utalii tiba, ambao humleta mgonjwa hospitalini, kama wanavyofika wagonjwa kutoka Komoro katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Msafiri wa siha huja akiwa mzima, akitaka kubaki hivyo. Huduma zake zimeenea zaidi katika hoteli za Nungwi, Matemwe, Paje na Jambiani.

Jambo lenyewe si geni Visiwani. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga katika Mji Mkongwe hamamu ya umma kwa mtindo wa Kiajemi, na mtaa ukaitwa Hamamni. Majengo yake yangalipo, ingawa maji yalikwishakauka miaka mingi na mgeni huingia kutazama tu.

Iliyo hai zaidi ni singo. Mlangilangi, yasmini, mawaridi, rihani na liwa hutwangwa pamoja, na mchanganyiko huo hutumika kumsinga bibi harusi kwa siku kadhaa kabla ya ndoa, ngozi yake ikalainika na kunukia. Kazi hiyo ni ya somo, mwanamke mwenye umri na heshima, ambaye humfunda mwari huku akimsinga. Leo baadhi ya hoteli humpa mgeni singo kwa saa moja. Mafunzo ya somo, bila shaka, hayamo katika bei hiyo.

Swali la msingi ni nani anayenufaika. Hoteli inayoagiza mafuta, sabuni na wakandaji kutoka nje huacha Zanzibar sehemu ndogo tu ya fedha za mgeni. Malighafi ipo. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani mkavu unaouzwa nje huwapatia kipato kidogo, lakini ukigeuzwa sabuni au krimu, kama inavyofanyika Paje na Kidoti, thamani yake hupanda. Kisiwani Pemba, kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, hukamua mafuta ya makonyo ya karafuu, bidhaa ambayo mkandaji wa hotelini angeweza kuinunua bila kuvuka bahari kuu. Hata hivyo, katika orodha za huduma za hoteli, majina ya Bali na Thailand mara nyingi hutangulia singo.

Bidhaa za ngozi zinazolengwa soko hili zinapaswa kukidhi masharti ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ambao husimamia pia vipodozi. Kwa kikundi cha wanawake kinachochemsha sabuni nyumbani, kupima ubora, kufungasha na kusajili bidhaa ni gharama inayohitaji kupangiwa mtaji mapema. Maji ni suala jingine: Unguja hutegemea zaidi maji ya ardhini, na katika ukanda wa mashariki wenye miamba ya matumbawe visima vikivutwa kupita kiasi huingiwa na maji ya bahari. Bwawa la hoteli na ndoo ya mwanakijiji hujazwa kutoka hazina hiyo hiyo.

Tanzania Bara nayo ina hazina ya namna hii. Katika Mkoa wa Kagera, chemchemi ya maji moto ya Mtagata, wilayani Kyerwa, ilikuwa na watu wakioga kutafuta nafuu ya maradhi yao wakati Henry Morton Stanley alipofika hapo mwaka 1876.