Enantiomeri

enantiomeri *nm* [i-/zi-] (kemia)

Maana. Kila mojawapo ya molekuli mbili zenye atomi zilezile, zilizoungana kwa utaratibu uleule, ambazo maumbo yake yanahusiana kama kitu na taswira yake kiooni, wala moja haiwezi kuwekwa juu ya nyingine zikalingana.

Asili. Kigiriki *enantios*, ‘kinyume’, na *meros*, ‘sehemu’.

Maelezo. Mkono wa kulia na wa kushoto una vidole vilevile, lakini glavu ya mmoja haiuenei mwingine. Mwaka 1848 Louis Pasteur alitenganisha kwa kibano fuwele za chumvi ya asidi ya tatariki zenye maumbo mawili ya namna hiyo. Miyeyusho yake iliugeuza mwanga uliochujwa utetemeke katika bapa moja, mmoja upande huu, mwingine upande wa pili.

Pua nayo huweza kutofautisha. Vipokezi vya harufu ni protini, na protini hujengwa kwa asidi amino za mkono mmoja. Hivyo molekuli ya kulia na ya kushoto huweza kuvigusa kwa namna mbili. Kavoni yenye umbo la R hunukia nanaa. Yenye umbo la S hunukia kisibiti. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1971 yalithibitisha kwamba tofauti hiyo haitokani na uchafu uliosalia katika sampuli. Linaluli ya mrehani huwa karibu yote ni ya R, ilhali ile ya mbegu za giligilani huwa zaidi ya S. Hata hivyo, si kila jozi hutofautiana kwa harufu.

Tofauti huonekana pia katika athari kwa mwili. Mentoli ya mnanaa, inayougeuza mwanga kushoto, huleta ubaridi mkali kinywani. Pacha wake huleta ubaridi hafifu zaidi.

Usanisi. Mmenyuko wa kawaida wa maabara hutoa enantiomeri zote mbili kwa kiasi sawa. Ili kupata moja, mkemia huanza na malighafi ya mmea au hutumia kichocheo chenye mkono wake. Limonini ya ganda la chungwa, ambayo karibu yote ni ya R, hugeuzwa kuwa kavoni ya R. Basi harufu ya nanaa huweza kutoka katika chungwa. Njia ya pili ilimpatia Ryoji Noyori wa Japani sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2001. Vichocheo vyake hutumika kutengeneza mentoli kiwandani.

Matumizi. Neno *kioo* lina maana mbili: kile cha kujitazamia na kile cha dirisha au chupa. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno hupotosha.

*Si sahihi:* Ua hili lina molekuli za kioo.
*Sahihi:* Molekuli hizi mbili ni taswira ya kiooni, moja ya nyingine.

Mfasiri asiache alama wala asizichanganye. Herufi R na S hueleza mpangilio wa atomi. Alama (+) na (−) hueleza upande ambao mwanga hugeuzwa. Limonini ya chungwa ni (R)-(+), lakini kavoni itengenezwayo kutokana nayo ni (R)-(−): herufi imebaki, alama imegeuka.

Tahadhari kwa walimu. Vitabu vingi vya kiada hudai kwamba limonini ya R ni harufu ya chungwa na ya S ni harufu ya limau. Dai hilo si sahihi. Limonini ya ganda la limau nayo kwa sehemu kubwa ni ya R. Harufu bainifu ya limau hutokana hasa na sitrali. Sitrali ndiyo pia harufu kuu ya mchaichai. Maumbo yake mawili, geraniali na nerali, ni isomeri lakini si enantiomeri: hutofautiana kwa mkao wa atomi kandokando ya bondi maradufu.

Mfano wa darasani. Mwalimu wa Likombe, Mtwara, asiye na maabara aweza kuanza kwa viganja viwili vya mwanafunzi, kisha majani ya nanaa na mbegu za kisibiti. Mwanafunzi atayafumba macho, atanusa, na kutaja tofauti. Asitumie chungwa na limau kwa somo hili.

Tazama pia: isomeri, kichocheo, kioo, usanisi.